Ndungu na Mabruki Walivyokula Naivasha

Kule Mutuini, ukialikwa harusi ukamkosa Ndungu kwenye hema, hukuwa na haja ya kuuliza alipo. Alikuwa nyuma ya nyumba, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, amesimama karibu na moto akizungumza na wachomaji. Hakuwa mlafi, na jambo hili watu wengi hawakulielewa. Walaji wakubwa aliwashinda kwa kuipenda nyama, si kwa kula nyingi. Aliweza kushika ubavu mmoja akaumaliza polepole, mpaka mfupa ukabaki mweupe, huku wenzake wamekwisha kushiba na kuanza kusinzia kwenye viti.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Kila asubuhi alishuka mjini, akapanda ngazi hadi kichumba chake juu ya duka la viatu karibu na River Road, na humo mafundi wa nguo wakamletea mashine zilizokataa kushona. Mkewe, Nyokabi, alibaki nyumbani na ng'ombe wao na vyumba vya kupangisha walivyojenga pale palipokuwa na kahawa ya baba yake Ndungu. Binti yao Shiku alikuwa amekwisha kuhama. Alifanya kazi ofisini Kilimani na kukaa huko huko.

Rafiki mkubwa wa Ndungu alikuwa Mabruki, mwenye duka la vitambaa kwenye barabara ya Biashara. Mabruki alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaja Nairobi akiwa kijana kumsaidia ami yake dukani. Ami akafariki, duka likabaki mikononi mwake. Siku moja mashine yake ya kupindia mapazia iligoma, akaelekezwa kwa Ndungu. Ndungu alifika na kimkoba cha bisibisi, akaifungua mashine, na ilipofika saa ya chakula Mabruki akamkaribisha pilau iliyoletwa kutoka nyumbani. Ndungu alikula kijiko kimoja. Kisha akauliza kama hiyo nyama ilikuwa ya bega. Mabruki akasema ndiyo, ni ya bega, na mkewe Shahida hakubali kupika pilau kwa sehemu nyingine. Basi wakaanza. Walizungumza juu ya bega na kidari na mbavu, juu ya mbuzi wa Galole na kondoo wa Narok, mpaka wateja wakaondoka bila kuhudumiwa, na mashine ikatengenezwa kesho yake.

Urafiki wao ulianza hivyo, na haukuwahi kuhitaji sababu nyingine.

Naivasha waliingia kwa ajili ya kazi. Hoteli moja ya kitalii kando ya ziwa ilitaka mapazia mapya, na pia ilikuwa na mashine mbovu ya kushonea katika chumba cha kufulia, walimorekebisha mashuka. Mabruki alichukua kazi ya mapazia, akamtaja Ndungu kwa kazi ya mashine. Wakaenda pamoja kwa gari la Mabruki, wakapitia Rironi na kuteremka Mai Mahiu, bonde lote limetandazwa chini yao. Walifanya kazi hadi mchana, na meneja, mtu mpole, akawakaribisha chakula kwenye ukumbi wa wageni. Wakaletewa sahani kubwa nyeupe, na katikati ya sahani kipande cha samaki kisichozidi kiganja cha mtoto, na juu yake kipande cha ndimu. Walikula kwa adabu. Walimshukuru meneja. Walipofika kwenye gari, kabla hata ya kufunga milango, Ndungu aliuliza kama mjini kuna bucha.

Mji wa Naivasha ni mdogo, na watu wa Nairobi huupita kwa haraka kwenda ziwani kuona viboko na kupanda mashua. Ndungu na Mabruki hawakuwahi kupanda mashua. Nyuma ya soko waliikuta bucha ya Waislamu, pembeni yake kibanda cha mabati chenye meza za mbao, na nyuma ya kibanda alikuwa Nzau, Mkamba mrefu mkimya, akichoma. Ndungu alichagua paja la mbuzi lililokuwa likining'inia, akaomba lisikatwe kabla ya kuchomwa. Nzau alimtazama, akaitika kwa kichwa. Wakakaa. Walikaa sana, maana Nzau hakuharakisha moto kwa ajili ya mtu yeyote. Nyama ilipoletwa juu ya ubao, na chumvi rundo dogo pembeni, na ugali, na kachumbari, wote wawili walikula bila kusema neno mpaka nusu ya paja ikaisha.

Tangu hapo wakawa wanakwenda kila mwaka, mwezi wa nane, mvua zikiwa zimepita na biashara imelala. Hoteli haikuwaita tena, lakini wao hawakungoja kuitwa. Nyokabi alikuwa akicheka na kuwaambia majirani kwamba mume wake ana mke wa pili Naivasha, na jina lake ni mbuzi.

Si kwamba hawakujaribu kwingine. Mwaka mmoja waliingia mkahawa mpya karibu na ziwa, wenye bustani na viti vya matakia, na huko waliletewa nyama ya ng'ombe iliyopakwa asali, ndani ikiwa nyekundu kabisa. Ndungu alimwita mhudumu, akamuuliza kwa upole kama mkaa umewaishia. Mwaka mwingine, karibu na stendi, waliuziwa mbavu zenye mifupa mingi kuliko ya mbuzi yeyote waliyewahi kumjua, na Mabruki aliapa kwamba mbavu zile ni za mbuzi wawili. Siku zote walirudi kwa Nzau. Nzau hakuwauliza walikokuwa.

Jambo moja Ndungu hakulisema kamwe, na Mabruki alilijua kwa miaka mingi kabla ya kulisema. Ndungu alipenda sana mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ambao Mwislamu hauli. Jioni akitoka kazini alinunua pale Dagoretti na kula akiwa amesimama. Lakini akiwa na Mabruki hakuagiza, wala hakuutazama. Mabruki alipomwambia siku moja kwamba asijinyime kwa ajili yake, Ndungu alijibu kwamba hajinyimi kitu, ila nyama ya kula peke yako, mwenzako akikutazama, haina ladha.

Mwaka juzi walikwenda kama kawaida. Ndungu alikuwa amepungua kidogo, na Mabruki alidhani ni umri; wote wawili walikuwa wamekaribia miaka sitini. Nzau aliwaletea kidari na mbavu. Ndungu alikata kipande, akatafuna kwa muda mrefu, akameza, kisha akanywa maji. Akakata kingine, akafanya vivyo hivyo, na safari hii akaweka mkono kifuani. Kisha akausukuma ubao.

"Nzau," alisema, "hii mbuzi ni mzee. Umetupatia mbuzi mzee."

Nzau alikuja akasimama mbele yao na kitambaa chake begani. Akasema mbuzi si mzee. Ndungu akasema yeye si mtoto, anajua nyama, na hii imekauka kama kamba. Hakuwahi kuzungumza namna hiyo na mchomaji, na watu wa meza nyingine waligeuka kutazama. Nzau hakubishana tena. Aliuchukua ubao, akarudi nyuma.

Mabruki alikuwa na kipande mdomoni. Kilikuwa laini. Kilikuwa laini kuliko nyama nyingi alizokula pale, na mafuta yake yalikuwa yakiyeyuka ulimini. Alikimeza, akamtazama rafiki yake. Njiani kurudi, Ndungu alijilaza kwenye kiti akijifanya amelala. Mabruki aliendesha gari hadi Mutuini huku ile nyama laini ikimsumbua moyoni. Alipofika alimwita Mama Shiku pembeni, karibu na zizi, akamwomba ampeleke Ndungu hospitali. Nyokabi alimwambia kwamba kwa muda sasa mume wake anakula ugali kwa kuulowesha kwenye mchuzi, na akiulizwa husema meno yanamuuma.

Ndungu alikataa kwenda. Alisema ni vidonda vya tumbo. Alinunua dawa za maji kwenye duka la dawa, akanywa maziwa ya ng'ombe wake, akaendelea kushuka mjini kutengeneza cherehani. Ni Shiku aliyemshinda. Alikuja kutoka Kilimani siku ya kazi, bila kupiga simu, akamkuta baba yake mezani na kikombe cha uji, analia. Hakuwa analia kwa maumivu. Alikuwa amejaribu kumeza kipande kidogo cha ini, kidogo kabisa, na kilikuwa kimekataa kushuka wala kupanda.

Hospitalini walimpitishia kamera kooni. Daktari, mwanamke kijana aliyezungumza polepole, aliwaambia kwamba ni saratani ya umio, ile njia ya chakula, na kwamba imekwenda mbali. Hawangeweza kuiondoa. Wangeweza kumwekea kijibomba cha kushikilia njia isizibe, apate kunywa uji na supu iliyochujwa. Ndungu aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama kijibomba hicho kinapitisha nyama. Daktari akasema hapana, hata ikisagwa ni hatari, inaweza kukwama. Ndungu akasema asante, akavaa kofia yake.

Mabruki alikuja Mutuini kila Jumapili, siku ambayo duka lilifungwa. Mwanzoni walizungumza habari za mjini, nani amefunga duka, nani ameleta vitambaa vya China. Nyama hawakuitaja. Mabruki alikuwa na hofu ya kuitaja kama mtu anayeogopa kutaja jina la marehemu mbele ya mjane. Ila Jumapili moja walipokuwa wamekaa uani, upepo ulileta harufu kutoka kwa jirani aliyekuwa akichoma kwa ajili ya wageni. Mabruki aliinuka haraka, akasema waingie ndani, kuna baridi. Ndungu alimshika mkono.

"Kaa," alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Hiyo ni kondoo. Kaa tusikie."

Wakakaa. Ndungu alifumba macho. Baada ya muda alisema jirani amewasha moto mkali mno, mafuta yanadondokea mkaa, kutakuwa na moshi. Na kweli moshi ulikuja. Ndipo alipomwambia Mabruki kwamba mwezi wa nane unakaribia na angependa waende.

Mabruki alimjibu kwamba safari ni ndefu, na kwamba barabara imeharibika. Ndungu akasema anaijua barabara. Mabruki akasema, "Hutakula." Hakukusudia kulisema, lilimtoka.

"Najua sitakula," Ndungu alijibu. "Wewe utakula. Mimi nitakaa."

Nyokabi hakutaka. Alisema huko ni kumtesa mgonjwa, kumpeleka mtu mwenye kiu kisimani na kumfunga mikono. Shiku naye alikuwa upande wa mama yake. Walibishana siku kadhaa, na Ndungu hakupandisha sauti, kwa kuwa hakuwa nayo tena. Mwishowe alimwambia mkewe kwamba kitandani anateseka pia, ila hapo hakuna anayemwona kama mtu. Wanamwona kama mgonjwa. Nyokabi akaenda kukamua. Aliporudi alimwambia atamfungia chupa ya supu.

Waliondoka asubuhi yenye ukungu, Mabruki akiendesha, Ndungu mbele amefunikwa blanketi, Nyokabi nyuma na chupa ya supu na mto. Walisimama mara kwa mara. Walipofika bondeni jua lilikuwa limetoka, na Ndungu aliomba dirisha lifunguliwe.

Nzau aliliona gari, akatoka nje. Hakumtambua Ndungu mara moja. Kisha alimtambua, na kile kitambaa kikamwanguka begani. Alikuja hadi mlangoni mwa gari, akamsaidia kushuka, akamwegemeza mpaka kwenye meza yao, na Mabruki akaona kwamba alikuwa anambeba zaidi ya kumwegemeza. Ndungu alipokaa alivuta pumzi kwanza. Kisha akasema jambo alilokuja nalo.

"Nzau. Ile mbuzi haikuwa mzee."

"Achana na hayo, mzee wangu," Nzau alisema.

"Siwezi kuachana nayo. Nilikutukana mbele ya watu, na nyama ilikuwa sawa. Ni mimi nilikuwa naharibika. Nilijua, Nzau. Wakati ule ule nilijua."

Nzau alitazama chini. Akasema kwamba baada ya siku ile alimwendea mwenye bucha kuuliza huyo mbuzi alitoka wapi, na alipoambiwa ni mchanga alikosa la kufikiri. Akasema pia kwamba hakukasirika, aliogopa kwamba Ndungu anaumwa. Halafu akaenda kwenye moto wake, kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Mabruki alichagua nyama peke yake. Alichukua paja, kama mwaka ule wa kwanza, akarudi. Nyokabi alimmiminia mumewe supu kwenye kikombe kidogo, na Ndungu akawa anainywa kwa kijiko, kijiko na mapumziko, kijiko na mapumziko. Mji ulikuwa na shughuli zake. Gari la watalii lilipita, vijana wamevaa kofia kubwa za jua, wanakwenda ziwani.

Nyama ilipokuja, Mabruki aliona upande mmoja mweusi. Nzau aliyeweka paja mezani hakumtazama mtu usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda ulikuwa moshi. Mabruki alisema bismillahi, akakata kipande, akakitia mdomoni. Hakukisikia. Kilikuwa kama karatasi. Akatafuna, huku rafiki yake akimtazama mdomo, kila mtafuno.

"Enhe?" Ndungu aliuliza.

"Nzuri," Mabruki alisema. "Wallahi, ndugu yangu, hajapata kuchoma hivi."

Ndungu aliweka kijiko chini. Mabega yake yalianza kutikisika, na Nyokabi alidhani anapaliwa, akamshika mgongoni. Lakini alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti.

"Mabruki, imeungua. Naisikia kutoka hapa. Koo ndiyo imekufa, pua bado." Alipumzika, akameza mate kwa taabu. "Usinidanganye kwa mambo ya nyama. Kwa mengine nidanganye. Niambie ukweli, polepole."

Mabruki alikata kipande kingine. Safari hii alitafuna kwa makini, kama alivyokuwa akitafuna wakati wote wa urafiki wao, na ladha ikaja. Akamwambia kwamba nje imeungua, upande wa chini, pale moto ulipokuwa mkali, na ina uchungu kidogo. Akamwambia kwamba ndani ni laini, na maji yake hayajatoka. Karibu na mfupa mafuta hayajayeyuka yote, yamebaki kama jeli, na chumvi haijafika huko. Mbuzi ni mchanga, pengine alikula majani ya mlimani, maana kuna kitu kama harufu ya majani makali mwishoni. Ndungu alifumba macho. Kila Mabruki aliponyamaza, yeye aliashiria kwa kidole: endelea. Mabruki akala, akasema, akala, akasema. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye ubao, naye hakuyapangusa kwa kuwa mikono yake ilikuwa na mafuta. Nyokabi aligeuka akatazama barabarani.

Alikula mpaka hakuweza tena. Ndungu alishika mfupa, akauzungusha vidoleni, akaupeleka puani, kisha akaurudisha mezani taratibu.

"Nimeshiba," alisema.

Aliishi mpaka mvua ndogo. Siku za mwisho alikuwa nyumbani, kwa kuwa alitaka kusikia ng'ombe wake. Mabruki alikuwa dukani akimpimia mteja kitambaa cha sare Shiku alipopiga simu. Alimaliza kupima, akakata, akakunja, akampa mteja. Baadaye hakuweza kukumbuka mteja yule alikuwa nani, mwanamume au mwanamke.

Siku ya mazishi uwanja wa nyumba ya Ndungu ulijaa. Mafundi wa cherehani walikuja kutoka mjini, majirani, watu wa kanisa. Mabruki alisimama na mwanawe Zaki karibu na kaburi, kofia mkononi wakati wa sala za Kikristo, hajui aiweke wapi. Alipewa nafasi ya kusema, akasimama, akasema kwamba Ndungu alikuwa mtu wa kukaa naye mezani, akashindwa kuendelea. Watu walidhani ni salamu fupi kwa desturi ya watu wake, wakampigia makofi kidogo.

Baada ya maziko watu waliketi kula. Mabruki alikuwa amemwambia Zaki kwamba watakunywa soda tu na kuondoka, wasiwatie wenyeji taabu. Lakini Nyokabi alikuja mwenyewe, katika nguo zake nyeusi, akiwa na sinia iliyofunikwa. Akamwambia Baba Zaki akae. Alieleza kwamba mbuzi wote waliochinjwa siku hiyo walichinjwa na mwalimu wa madrasa kutoka Kawangware, alfajiri, na sufuria zilikuwa mpya. Ndungu ndiye aliyeagiza. Alipokuwa bado anaweza kusema, alimshika mkono akamwambia mambo mawili: Shiku asiuze ng'ombe, na siku hiyo nyama yote iwe halali, Mabruki aweze kuila. Wazee wengine walinung'unika kidogo kuhusu kumleta mwalimu, naye aliwajibu kwamba marehemu hakuomba mengi.

Mabruki alifunua sinia. Zilikuwa mbavu, zimechomwa vizuri, polepole. Watu wote wa upande ule walikuwa wanamtazama, nao hawakujua wanatazama nini. Alichukua ubavu mmoja. Aliuleta mdomoni, akaushusha. Akaujaribu tena. Mwisho Zaki alichukua kipande akala, ili sinia isirudi vile vile, na Nyokabi, aliyekuwa ameona kila kitu, alisema hapana neno, akaomba foili na kuwafungia waende nayo. Mabruki aliibeba mapajani hadi mjini. Kesho yake aliila peke yake jikoni, ikiwa baridi, yote, akiwa amesimama.

Naivasha hakwenda mwaka uliofuata. Alimtumia Nzau ujumbe kwa mtu aliyekuwa anapita, kumpa habari za msiba, na Nzau akarudisha jibu la pole na kwamba yeye pia anaacha moto, anarudi kwao Makueni, mapafu yake yamechoka na moshi.

Idi ya kuchinja ilipofika, Mabruki alimchinja mbuzi, akatenga sehemu ya Mutuini. Alimkuta Nyokabi shambani akikata majani ya ng'ombe, akamngoja anawe mikono. Waliingia jikoni. Nyokabi aliiangalia ile nyama, akaiweka kwenye beseni, akaifunika kwa sahani. Akasema atampa mpangaji mmoja mwenye watoto, ikiwa Baba Zaki hatakasirika.

Mabruki alisema hawezi kukasirika, akauliza kama ni kwa sababu ya huzuni.

"Hapana," Nyokabi alisema. "Mimi nyama sijawahi kuipenda. Tangu nikiwa msichana. Inanikaa tumboni kama jiwe."

Mabruki alimtazama. Alikumbuka Jumapili zote za kabla ya ugonjwa, sahani zote, mwanamke huyu ameketi upande wa mumewe anatafuna na kutabasamu.

"Miaka yote hii?"

"Alikuwa akifurahi sana, Baba Zaki. Ananikatia kile kipande kizuri, ananikalia hivi, ananitazama. Sasa ningemwambia nini?" Aliweka sufuria ya maharagwe mezani, na parachichi, akachukua kijiko chake. "Sahau hayo. Karibu, tule."

Walikula maharagwe. Yalikuwa mazuri, yamepikwa kwa kitunguu kingi. Shiku alikuja baadaye na mkate, wakanywa chai, wakazungumza juu ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Mabruki aliaga jua likiwa bado juu.

Alikuwa amefika Kawangware, kwenye msongamano, kicheko kilipomshika. Miaka yote hii! Ndungu, aliyeweza kujua bega kwa kijiko kimoja cha pilau, alilala kitanda kimoja na mtu asiyependa nyama na hakujua. Mabruki alicheka mpaka dereva wa gari la pembeni akamtazama. Aliona jinsi Ndungu atakavyoipokea, mabega yakitikisika, kisha atakavyonyamaza ghafla na kuwaza vile vipande vyote vizuri alivyompa. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumpelekea habari hiyo. Kicheko kikamwishia. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, akasogea.

Usiku alimsimulia Shahida. Shahida alisikiliza vizuri, akasema, "Maskini, Mama Shiku," akaendelea kukunja nguo.